Kupanda Mlima Goma Mbele ya Jua

Chama chetu kilipotuomba tuandike juu ya mila za kwetu, wenzangu wengi walichagua mahari, kilio, majina ya mapacha, namna ya kutengeneza kasiksi. Ni vizuri, na nimeyasoma kwa furaha. Mimi nilikaa na kaye tupu juma zima. Papa yangu hakutuachia ngoma, hakutuachia hata methali nyingi, maana alikuwa mtu wa maneno machache. Alituachia jambo moja ambalo sijui kama wazee wa chama watakubali kuliita mila: kuamka mbele ya jua, kupanda Mlima Goma, na kutazama.

Ndugu msomaji, kama umelala Goma hata usiku mmoja, sehemu ya jambo hili unaijua tayari. Mtu wa Goma akitoka nje asubuhi, mswaki mdomoni, uso wake unageukia kaskazini. Hakuna aliyemfundisha. Anatafuta Nyiragongo. Katika miaka ile kati ya 2002 na 2021, ziwa la moto lilipokuwa ndani ya tundu la mlima, usiku mbingu ya upande ule ilikuwa nyekundu kama mtu aliyeacha makala yanawaka nyuma ya nyumba. Wekundu ukiwapo, watu walilala. Mawingu yakiuficha siku tatu au nne, ulianza kusikia maswali mu soko na ku masomo: «Munaona moto siku hizi? Mlima unapumua?» Watu walisema kama moshi unatoka juu, basi haiwezi kutoka pembeni. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nina diplome yangu ya ISP, na kila mwaka nilikuwa naeleza wanafunzi kwamba mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2002 lava haikumwagika kutoka juu kama maziwa yanayofurika mu sufuria. Ardhi ilipasuka ubavuni mwa mlima, na ufa ukateremka mpaka karibu na mji. Wanafunzi waliandika yote vizuri mu kaye. Kisha asubuhi walitazama wekundu kama mama zao. Na mimi pia.

Lakini papa hakutosheka na kutazama kutoka kiwanjani. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, alipanda.

Mlima Goma si mlima wa kutisha. Wageni wengi wanaupita bila kujua kama ndio uliobeba jina la mji, kwa sababu uko mjini kabisa, kando ya bandari, na nyumba zimeupanda mpaka kiunoni. Ni volkano iliyozimika zamani, ndogo, mtoto tu mbele ya wale wakubwa. Juu kuna milingoti ya antena. Mtu mwenye miguu mizuri anaupanda bila hata kukaa chini kupumzika. Ila ukifika juu unaona kila kitu kwa mara moja: kusini Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya bahari, kaskazini Nyiragongo, mita 3,470, kama kilometa 18 tu kutoka pale unaposimama, mashariki taa za Gisenyi, ambazo zimeshikana na zetu hata hujui mpaka uko wapi, magharibi Himbi, Kyeshero, na barabara ya kwenda Sake. Nimefundisha ramani zaidi ya miaka 20, lakini sijaona ramani inayosema wazi hivi.

Papa alikuwa msaidizi wa wapima ardhi. Ndiye aliyevuta mnyororo, aliyechomeka fito, aliyebeba ile miguu mitatu ya chombo begani. Alipanda mlima huu mara ya kwanza katika miaka ya 70 akiwa na chombo mgongoni, bosi wake akitembea mbele mikono mitupu. Hakuwa na diplome, lakini jicho lake lilikuwa kali. Mtu akimwambia parseli yake ni mita 20 kwa 25, alitembea hatua chache, akainamisha kichwa, akasema: «Hapana. Hapa unakosa mita moja.» Na kamba ilimpa haki.

Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka. Lava ya mlima huu haina silika nyingi, kwa hiyo si nzito. Inakimbia kama mafuta. Siku ile ziwa lote la moto lilikauka kwa muda usiofika saa moja, na watu wa vijiji vya chini hawakupata hata nafasi ya kuita watoto. Bibi yangu, mama ya papa, alikuwa amezaliwa pande za Kibati, chini ya mlima. Alipoteza jamaa huko. Mwaka uliofuata, mwezi uleule, papa alimpeleka juu ya Mlima Goma ili atazame kwao kutoka mbali, kwa sababu hakutaka tena kukanyaga kule. Ndivyo jambo lilivyoanza. Hakuna mzee wa ukoo aliyeliamuru.

Mimi nilianza kwenda nikiwa mtoto wa darasa la pili. Nakumbuka baridi, na chai ya termosi yenye tangawizi, na mkono wa bibi ulionuka moshi. Alikuwa na sheria moja: usionyeshe Nyiragongo kwa kidole. Kama unataka kuonyesha, kunja ngumi. Wazee wa pande hizi, huku kwetu na ng'ambo Rwanda, walisema kwamba roho za wale walioingizwa katika ibada ya Ryangombe zinakwenda kupumzika Karisimbi, kwenye ubaridi, na nyingine zinatupwa katika moto wa Nyiragongo. Bibi alikuwa mkristu, alisali rozari kila jioni. Lakini habari hiyo hakuifuta. Aliniambia: «Usiwaonyeshe kidole. Uko unajua ni nani iko mule?»

Naona nimerukia mbali. Nirudi kwenye mwaka 2002, maana bila ule mwaka sina cha kuandika.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, asubuhi, mlima ulipasuka. Mimi nilikuwa mwanafunzi ISP. Mchana tulifunga godoro, sufuria na mashine ya kushonea ya mama juu ya chukudu, tukakimbilia Gisenyi pamoja na mji mzima. Jioni lava ilishuka katikati ya Goma, ikapita mu Murara kwetu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikala maduka, ikaunguza katedrali ya Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Usiku ule tulisimama ng'ambo tukitazama mvuke. Watu waliogopa kwamba ziwa nalo litawaka, sababu chini kuna gesi ya metani na gesi ya kaboni nyingi sana. Haikuwa hivyo, Mungu asifiwe.

Siku chache baadaye tulirudi. Watu walikuwa wanatembea juu ya lava ambayo bado iliunguza soli za viatu. Kwetu hapakuwa na kwetu. Badala ya avenu, badala ya parseli 11 za mstari wetu, kulikuwa na mwamba mweusi wenye mikunjo, unaofika kwenye paa. Huku manjanja mawili yanachomoza, kule kichwa cha mparachichi kimekaushwa. Mama alikaa chini juu ya jiwe akacheka. Ndiyo, alicheka, mtu asishangae, wengi walicheka siku zile.

Shida ilionekana mara moja: nani alikuwa wapi? Mpaka wa miyenzi umeungua, ukuta umezikwa, mlango wa kila mtu uko mita mbili au tatu chini ya jiwe. Watu walianza kuweka mawe na kusema «mimi ni hapa». Majirani walikuja kumwomba papa: «Muzee, weye njo unajua kupima. Tusaidie tusiuwane.»

Akanichukua tukapanda Mlima Goma, saa kumi na moja ya asubuhi, kabla mvuke na moshi kufunika mji. Mimi nilibeba kaye ya masomo yangu na biki. Kutoka kule juu, kuta za katedrali zilikuwa bado zimesimama bila paa. Ile ilikuwa alama ya kwanza. Alama ya pili ilikuwa nyumba ya ghorofa ambayo lava iliizunguka. Ya tatu, mparachichi wetu. Papa alinyoosha mkono, akafunga jicho moja, akaniambia andika hivi, piga mstari hivi. Halafu tulishuka tukapima kwa kamba kutoka kwenye alama. Kwa siku mbili parseli 11 zilizaliwa upya mu kaye yangu, na watu wote wa avenu wakatia sahihi au kidole. Hakuna aliyepigana. Mitaa mingine walipigana, kwetu hapana. Kwa miaka 17 nilijivuna kwa ile kaye. Nilionyesha wanafunzi wangu: tazameni, topografia si neno la kitabu tu.

Tulijenga nyumba ya mbao juu ya lava, kama kila mtu. Baadaye tukavunja mawe kwa nyundo na kuweka ukuta wa mawe meusi, jiko, na chumba kimoja zaidi ambacho mtoto wangu wa pili, msichana, alikuja kulalamo.

Sasa nifike kwenye asubuhi yenyewe. Ilikuwa tarehe 17 Januari 2019, tena Alhamisi, kama ile. Intaneti ilikuwa imekatwa inchi nzima tangu siku ya mwisho wa mwaka kwa sababu ya uchaguzi, na watu walikuwa wanaishi kwa uvumi tu. Papa alikuwa na miaka 78. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Nilimwambia mwaka huu tuache.

«Hapana,» akasema. «Mwaka huu njo lazima.»

Tulipanda pikipiki mbili: mimi na papa kwenye ya kwanza, motari mbele, mimi nyuma nikimshika mzee katikati kama gunia la maharagi; binti yangu, aliyekuwa na miaka 11, kwenye ya pili na mjomba wake. Mji ulikuwa umeamka mbele yetu. Machukudu yalikuwa yanateremka kutoka upande wa Kibati na makala na viazi, bila breki nyingine zaidi ya kipande cha gurudumu chini ya mguu. Wamama wa mandazi walikuwa wanawasha mabrazero. Vijana na bido za njano walikuwa wanakwenda ziwani kuteka maji. Mji wa watu wengi hivi, wenye kukaa pembeni mwa ziwa kubwa, unabeba maji kichwani. Hilo ni jambo ningeweza kuandikia makala nyingine, lakini tuliache.

Tulianza kupanda kwa miguu saa kumi na moja na robo. Papa alikuwa na fimbo mkono mmoja, bega langu mkono wa pili. Kila hatua ishirini alisimama. Binti alikimbia mbele, akarudi, akakimbia tena, kama mbwa mdogo. Nilitazama saa mara kwa mara: nilikuwa na saa ya kwanza mu darasa la tano, na prefe wetu hachezi na mwalimu anayechelewa.

«Papa, twende, jua itatukuta.»

«Miye sina haraka ya kufika. Weye njo uko na haraka.»

Tulifika juu kukiwa bado giza la buluu. Ziwani wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi, mitumbwi mitatu-mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ya nyavu imetoka mbele na nyuma kama pembe za panzi. Taa zao zilizimika moja baada ya nyingine. Wanapopiga kasia wanaimba, na asubuhi isiyo na upepo sauti inapanda mpaka juu. Binti aliniuliza kama samaki wale ni wa siku zote. Nikamwambia hapana, sambaza waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Mbele ya hapo babu na bibi hawakuwajua. Alishangaa kuliko alivyoshangaa volkano. Kwake samaki wale walikuwa wa tangu Nuhu.

Kaskazini, wekundu ulikuwapo. Papa aliutazama muda mrefu, ngumi imekunjwa juu ya fimbo.

Kisha akamtuma mtoto na mjomba wake waende upande wa ziwa wahesabu mitumbwi. Akaniambia: «Uko na ile kaye nyumbani?»

«Iko, papa.»

«Ile mustari ya upande wa mama mujane, miye niliisukuma.»

Sikuelewa. Nilidhani anazungumza juu ya jambo lingine, uzee umemchanganya. Akanishika mkono, akaunyoosha kuelekea mjini, kuelekea kuta mpya za katedrali, halafu akausogeza kidogo, kidogo sana, unene wa vidole viwili.

«Hapa njo ilikuwa mupaka. Nilikuambia uandike pale. Mita tatu na nusu.»

Akaeleza kwa maneno yake machache. Upande wetu wa kulia lava ilikuwa imeacha nundu ya jiwe, kama mgongo wa ng'ombe, ambayo hakuna nyundo ingeivunja. Kama angefuata mpaka wa kweli, tungepata parseli isiyotosha nyumba ya watu tisa. Upande wa kushoto alikuwa mama mjane na watoto wanne, nao walikuwa bado Gisenyi, hakuna wa kuona. Alisukuma mstari wa mjane. Mistari mingine 10 ilikuwa ya kweli, aliniapia, na naamini, kwa sababu baadaye nilipima yote.

«Mbona hukuniambia?»

«Ungeandika?»

Sikujibu. Nilikuwa na miaka 21 wakati ule, na mama alikuwa ameketi juu ya jiwe anacheka. Hata leo sijui ningeandika nini.

Akasema tena, macho kaskazini: «Ile moto ya bibi yako, miye naiangaliaka kila mwaka. Watu wanadhani naangalia kama itatoka. Naangalia kama iko inaningoja.»

Basi jua likatoka. Juu ya Mlima Goma jua halichelewi. Unageuza kichwa na mji wote umeshakuwa mweusi na wa kung'aa, mawe, manjanja, mavumbi. Binti alirudi akipiga kelele kwamba ameona mitumbwi 27. Mjomba akasema 24. Walibishana mpaka chini. Mimi sikusema neno. Nilifika darasani dakika 20 baada ya kengele, na prefe aliandika jina langu mu kaye yake, nyingine kabisa na ile yangu.

Ndugu msomaji, ningependa kuandika kwamba kesho yake nilikwenda kugonga mlango wa jirani. Sikwenda. Mama mjane alikuwa amekufa mwaka 2011. Mtoto wake wa kwanza, fundi wa nguo, ndiye aliyebaki mu parseli na mke na watoto. Juu ya zile mita tatu na nusu kulikuwa na ukuta wetu, jiko letu, na kitanda cha binti yangu. Nilijiambia: nitangoja vakansi. Nikajiambia: nitangoja mshahara. Mwalimu wa Kongo akisema anangoja mshahara, ujue hataki kutenda. Miezi saba ilipita. Mke wangu, ambaye nilimwambia usiku mmoja, aliniuliza swali moja tu: «Unangoja muzee akufe, ili useme ni yeye?»

Mwezi wa nane tulikwenda, papa na mimi, na kaye chini ya kwapa. Fundi alituletea viti, mkewe akaleta chai. Papa alisema mwenyewe, hakuniachia. Alipomaliza, cherehani ya mu chumba cha pili ilikuwa imenyamaza, kumbe vijana wa kazi walikuwa wanasikiliza.

Fundi alikaa kimya, akapangusa magoti. Halafu akasema: «Mama alijua.»

Alieleza kwamba mama yake, aliporudi kutoka Gisenyi, alihesabu hatua kutoka kwenye shina la mparachichi, kama alivyokuwa akihesabu alipokwenda usiku ku choo bila taa. Hatua zilipungua. Watoto wakubwa walitaka wapeleke mambo kwa shefu. Akawakataza. Aliwaambia: bila ule muzee, tusingejua hata pa kuweka jiwe la kwanza, tungepoteza yote, si mita tatu. «Lakini alihuzunika,» fundi akasema. «Nisikudanganye, muzee. Kila mara alipopita pa ukuta wenu, alinyamaza.»

Hapo papa alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mbele ya ile lava.

Tulikuwa tumefikiria mbuzi, au feza kidogo kidogo kila mwezi. Fundi alikataa vyote viwili. Alichoomba kilinishangaza kwa udogo wake, mpaka nilipokwenda kuona kwa macho. Kwa sababu ya ukuta wetu, parseli yao haikuwa tena na njia ya kutokea kwenye avenu. Kwa miaka 17 watoto wa nyumba ile walizunguka nyuma, kupitia kiwanja cha mtu mwingine, bido kichwani, wakiomba ruhusa asubuhi na jioni. Mimi niliwaona wakizunguka. Nilidhani wanapenda hivyo. Fundi alisema: «Mutupatie njia.»

Tulivunja jiko na kipande cha ukuta, tukafungua njia ya mita moja na nusu. Chumba cha binti kilibaki, kwa kukubaliana, mpaka siku tutajenga upya. Lakini juu ya karatasi ardhi ile yote ni yao, na karatasi ilitiwa sahihi mbele ya shefu wa avenu na mashahidi sita. Kulikuwa na kasha moja la bia na moja la fanta. Majirani wengine walisema tumekuwa wajinga, mambo yalikuwa yamesahauliwa. Mmoja alikuja usiku kuniuliza kwa sauti ndogo kama mstari wake uko sawa. Nilimpimia bure. Ulikuwa sawa.

Papa alikufa mwaka 2020, wakati wa korona, na kilio hakikuruhusu watu wengi. Fundi alikuwa mmoja wa wale wachache, na suti aliyomvika mzee aliishona yeye.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi, jioni, mlima ulipasuka tena. Wekundu ulikuwapo siku zote zilizotangulia. Ile imani yetu ya mlima unaopumua haikutusaidia kitu. Tulitoka usiku kupitia ile njia, watu wa nyumba mbili pamoja, watoto tumewafunga mkono kwa mkono na kitenge. Lava ilisimama kaskazini ya mji, upande wa Buhene, haikufika kwetu. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na tarehe 27 Mei walituamuru kuhama, kartiye 10 kati ya 18. Tulitembea mpaka Sake, karibu kilometa 25, fundi akisukuma cherehani yake juu ya chukudu na godoro letu juu ya cherehani.

Mlima Goma nilipanda tena mara tatu baada ya hapo, kila Januari, na binti. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, sijapanda. Asubuhi natoka na mswaki, nasimama mu ile njia kati ya nyumba zetu, natazama kaskazini kutoka pale. Watoto wa fundi wananiambia nipishe, wana maji kichwani.

Juzi nilimkuta binti, ambaye sasa anamaliza masomo ya sekondari, ameketi kizingitini na ile kaye ya zamani. Karatasi zimekuwa za rangi ya chai. Alikuwa anafuata mistari kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka wa tisa. Akaniuliza zile mita tatu na nusu zinaanzia wapi. Nikamwambia inuka, umekalia palepale.